Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta: Barua ya Onyo Hulinda Kazi ya Miti



Safari hii tunazungumza juu ya barua. Siyo barua ya salamu wala barua ya kuomba kazi. Ni barua ya kumwambia mtu: "Jambo unalolifanya linatuumiza, na huna haki ya kulifanya. Tunakutaka uache, na usirudie." Barua hii huitwa barua ya onyo. Wengine huiita notisi.

Wengi wetu tunaiogopa. Tunadhani ni kazi ya mawakili na matajiri wa mjini. Sivyo. Mtu yeyote mwenye haki ya kulinda, anayejua kusoma na kuandika, anaweza kuiandika. Kinachotakiwa ni kujua mambo ya kuandika, na mambo ya kuacha.

MZEE ALIYELETA MICHE

Tuchukue mfano. Katika wilaya kama Rungwe na Njombe wakulima wengi wamepanda miparachichi ya aina ya Hass. Zamani mti wa parachichi ulikuwa wa kivuli na wa kulisha watoto. Siku hizi ni zao la biashara. Kwa hiyo imezuka kazi mpya, kazi ya kutunza miti. Wako watu wanaootesha miche, wanaobebesha, wanaopogoa matawi, na wanaokata miti iliyoinamia nyumba.

Tuseme wanakijiji wanane wameunda kikundi cha kazi hiyo. Wana kitalu chini ya mgomba, karibu na mto. Kila mche wanaouza wanaufunga lebo ya kijani yenye jina la kikundi. Wamefanya kazi miaka sita. Watu wanawaamini. Mtu akiona lebo ya kijani, anatoa fedha bila kubishana.

Siku moja anakuja mzee wa kijiji cha pili. Amebeba miche mitatu. Anaiweka chini, anasema, "Wanangu, mmeniuzia uongo. Nimenunua miche arobaini kwenye gulio. Fundi wangu ameitazama, anasema haikubebeshwa. Na lebo ni yenu."

Wanakikundi wanaitazama. Ni kweli, shina halina kovu la kuungia. Ni miche ya mbegu tupu.

Hasara hiyo siyo ndogo. Kubebesha ni kukata kikonyo cha mti mzuri na kukiunga kwenye mche uliooteshwa kwa mbegu. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na matunda yake ni kama ya mti uliotoa kikonyo. Mche wa mbegu tupu unaweza kuchukua miaka mitano, saba, au zaidi. Tena huwezi kujua utazaa tunda gani. Mzee angepalilia, angemwagilia, angeweka samadi, halafu mnunuzi aje akatae matunda yake. Miaka hiyo hairudishwi na mtu.

Lakini kikundi hakikuuza miche ile. Wanauliza huku na huku. Wanaambiwa muuzaji ni kijana mmoja aliyejifunza kazi kwenye kitalu chao, kisha akaondoka. Amechapisha lebo za kijani zenye jina lile lile.

Hapo maneno yanakuwa mengi. Mmoja anasema, "Twende tukamvunjie kitalu." Mwingine anasema, "Tumtangaze mnadani, watu wote wamjue." Wa tatu anasema, "Tumwachie Mungu." Katibu wa kikundi, mama aliyejua kusoma ukubwani, anasema, "Jamani, hasira hasara. Tukivunja kitalu chake tutafungwa sisi. Tukinyamaza, mwakani hatutakuwa na jina. Tumwandikie."

Huyu mama amesema kweli.

BARUA YA ONYO INA NGUVU GANI?

Tuanze na ukweli. Barua ya onyo siyo amri ya mahakama. Mtu akiipokea akaichana, hawezi kukamatwa kwa sababu ya kuichana. Amri ya kumzuia mtu hutolewa na mahakama peke yake.

Sasa ina faida gani? Ziko nne.

Kwanza, inamjulisha. Mtu mwingine hajui kwamba anakosea. Pengine anadhani lebo ya kijani ni ya kila aliyefundishwa pale. Akielezwa kwa adabu, anaacha.

Pili, inamwondolea kisingizio. Baada ya kupokea barua hawezi kusema tena, "Sikujua."

Tatu, inaonyesha kwamba ninyi hamkukubali. Ukikaa kimya miaka, mwenzako anaweza kudai kwamba ulimwona na ukaridhika. Barua yenye tarehe inajibu dai hilo.

Nne, gharama yake ni ndogo. Ni karatasi, kalamu, na nauli ya mpelekaji. Kesi inakula siku, nauli na fedha. Magomvi mengi yangeishia kwenye barua kama watu wangeiandika mapema, kabla ufa haujawa mkubwa.

KWANZA JIULIZE: NI KITU GANI KILICHO CHETU?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Barua ya onyo inalinda kitu kilicho chako tu. Haiwezi kulinda kitu cha watu wote.

Katika mfano wetu, wanakikundi waliandika rasimu ya kwanza kwa hasira. Walitaka kumwambia yule kijana: "Uache kutumia jina letu, uache kutumia lebo yetu, na uache kabisa kubebesha na kuuza Hass katika kata hii." Katibu akayasoma yale maneno ya mwisho mara mbili. Akayafuta.

Kwa nini aliyafuta? Kwa sababu kazi ya kubebesha siyo mali ya kikundi. Ujuzi alioupata kijana ni wake sasa. Akiotesha miche mizuri akaiuza kwa jina lake mwenyewe, hakuna ubaya. Huo ni ushindani, na ushindani ni halali. Ila kama aliweka sahihi kwenye mapatano fulani na kikundi, hayo yasomwe kwanza.

Na Hass je? Hass ina historia inayofaa kusimuliwa hapa. Aina hii ilitokea California, nchini Marekani. Mwenye mti wa kwanza aliitwa Rudolph Hass. Alikuwa mpeleka barua wa posta, na alikuwa na shamba dogo. Aliotesha mbegu ya parachichi akataka kuibebesha aina nyingine. Ikakataa kushika. Akauacha mti ukue wenyewe, na matunda yake yakawa matamu kuliko alivyotazamia. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilimpa hataza, yaani hati ya kuwa mwenye haki juu ya aina ile kwa muda wa miaka 17.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Wakulima walinunua mche mmoja tu kwa muuzaji aliyekubaliwa. Halafu walikata vikonyo vyake wakabebesha mashamba mazima. Bwana Hass alikuwa na hati, lakini ilikuwa vigumu kumfuata kila mtu shambani kwake. Inaelezwa kwamba katika miaka yote hiyo alipata dola kama 5,000 tu. Aliendelea na kazi yake ya posta. Alifariki mwaka 1952, mwaka ule ule hataza yake ilipokwisha. Mti wake wa kwanza ulipata ugonjwa wa mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Leo Hass imeenea dunia nzima.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, hati peke yake hailindi kitu. Lazima mwenyewe aangalie na aseme. La pili, haki ile ilikuwa na mwisho. Leo yeyote anaweza kubebesha Hass. Kwa hiyo kikundi hakiwezi kumkataza kijana Hass. Kinaweza kumkataza jina la kikundi na lebo yake.

JE, JINA LENU LIMESAJILIWA?

Vikundi vingi vimesajiliwa halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini mtu au kikundi kinachofanya biashara kwa jina la biashara, hapa Tanzania Bara, hulisajili jina hilo BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni.

Mjue tofauti moja. Kusajili jina la biashara ni kitu kimoja, na kusajili alama ya biashara ni kitu kingine. Alama ni ile picha au neno linalowekwa kwenye bidhaa ili mnunuzi aitambue. Alama husajiliwa BRELA pia, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7. Baadaye unaongezwa miaka 10, na 10 tena. Mwenye alama iliyosajiliwa ana nguvu zaidi kwa sababu cheti chake kinamsemea.

Asiye na cheti cha alama asikate tamaa. Bado anaweza kulalamika. Lakini atatakiwa kuonyesha kwamba watu wanamjua kwa jina lile, kwamba mwenzake amewadanganya wanunuzi, na kwamba yeye amepata hasara. Kwa hiyo daftari lake ndilo litamsemea.

KUSANYENI USHAHIDI KABLA YA KUANDIKA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tuliusikia tangu darasa la kisomo. Hapa ndipo unapofanya kazi.

Kabla ya kuandika barua, kikundi kikusanye vitu hivi:

1. Lebo yenu ya kweli, na lebo ya kuiga. Ziwekeni pamoja kwenye bahasha.

2. Miche aliyoileta mzee. Msiitupe. Iwekeni alama, muandike ililetwa na nani na tarehe gani.

3. Maelezo ya mzee mwenyewe. Alinunua wapi, lini, kwa nani, miche mingapi, kwa bei gani. Asomewe, kisha aweke sahihi au dole gumba.

4. Risiti, kama ipo. Kama alilipa kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi.

5. Daftari la mauzo. Linaonyesha mmeuza kwa jina lile tangu lini, na kwamba siku ile hamkuuza miche arobaini.

6. Muhtasari wa mkutano wa kikundi uliokubali barua iandikwe. Bila muhtasari, mwanachama mmoja anaweza kusema kesho, "Mimi sikushirikishwa."

Tena hakikisheni kwamba mnayemwandikia ndiye. Ni aibu kumwonya mtu asiyehusika. Ukisikia tu kwamba "eti ni fulani," hiyo haitoshi.

MFANO WA BARUA

Barua nzuri ni fupi. Ukurasa mmoja unatosha. Tazameni mfano huu, na mjaze penye nukta.

Kikundi cha ....................
Kijiji cha ....................
S.L.P. ....................
Tarehe ....................

Ndugu ....................
Kijiji cha ....................

YAH: KUACHA KUTUMIA JINA NA LEBO YA KIKUNDI CHETU

1. Sisi ni kikundi cha kutunza miti na kuuza miche. Tumetumia jina hili na lebo ya kijani tangu mwaka .......... Lebo yetu moja tumeiambatanisha.

2. Tarehe .......... kwenye gulio la .......... uliuza miche 40 ya parachichi yenye lebo ya jina letu. Hatukukupa ruhusa. Tunayo miche mitatu kati ya hiyo, lebo zake, na maelezo ya mnunuzi.

3. Miche hiyo haikubebeshwa. Wanunuzi wanadhani ni yetu, na jina letu linaharibika.

4. Kwa hiyo tunakutaka:
(a) uache kutumia jina letu na lebo yetu tangu siku unapopokea barua hii;
(b) utukabidhi lebo zote za namna hiyo ulizobaki nazo;
(c) utuandikie kwamba hutarudia.

5. Tunaomba utujibu kwa maandishi kabla ya tarehe .......... Kama unaona tumekosea, tueleze. Tuko tayari kukaa tuzungumze.

6. Usipojibu wala kuacha, tutatafuta msaada wa kisheria ili kulinda haki yetu.

Mwenyekiti ....................
Katibu ....................

Angalieni mambo machache katika barua hii. Kila kosa lina tarehe na mahali. Madai yamepangwa kwa herufi, ili mtu asiseme hakuelewa. Siku ya mwisho imetajwa kwa tarehe. Msiandike "haraka iwezekanavyo", maana haraka ya mtu mmoja ni mwezi kwa mwingine. Siku kumi na nne zinatosha kwa jambo la kijijini.

Tena mmeona kwamba barua haidai fedha za mzee. Fedha zile ni za mzee. Kama alinunua miche 40 kwa shilingi 5,000 kila mmoja, dai lake ni shilingi 200,000. Aliandike mwenyewe, au asaidiwe kuliandika kwa jina lake. Kikundi kisichanganye dai lake na dai la mtu mwingine.

KUIPELEKA

Barua isiyofika haina kazi. Andikeni nakala mbili zinazofanana. Moja ni yake, moja inabaki kwenye jalada lenu. Watu wawili wampelekee, watu wapole. Wamwombe aweke sahihi kwenye nakala yenu au kwenye dispachi, pamoja na tarehe. Akikataa kuweka sahihi, msigombane naye. Mwachieni barua yake. Halafu wapelekaji waandike siku ile ile kwamba walimpa, saa ngapi, na kwamba alikataa sahihi.

Kama yuko mbali, pelekeni kwa rejesta. Karani wa posta atawapa risiti. Risiti hiyo msiitumie kuwashia jiko.

MAMBO YA KUEPUKA

Msiandike matusi. Neno kama "mwizi" au "tapeli" linaweza kugeuza kibao, mkajikuta ninyi ndio mnashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina. Semeni alichokifanya. Msiseme yeye ni mtu wa namna gani.

Msibandike barua kwenye mti wa gulio, wala kuipiga picha na kuirusha kwenye makundi ya simu. Barua ni ya aliyeandikiwa.

Msitishie. Kusema "tutakuchomea" au "tupe shilingi milioni moja la sivyo tutakufunga" siyo onyo. Kumtisha mtu ili atoe fedha ni kosa la jinai, hata kama mwanzoni ulikuwa na haki.

Msijifanye wakili. Msichore mhuri wa wakili wala wa serikali. Mhuri wa kikundi unatosha.

Na msiahidi msichoweza kutimiza. Mkiandika siku kumi na nne, siku ya kumi na tano fanyeni jambo. Mkikaa miezi mitatu, barua ya pili itachekwa.

AKIJIBU, NA ASIPOJIBU

Akijibu kwamba amekosa, kaeni naye. Mapatano yaandikwe. Andikeni amekubali nini, amekabidhi lebo ngapi, na atafanya nini na miche iliyobaki. Pande zote ziweke sahihi mbele ya mashahidi. Mapatano ya mdomo husahaulika mvua ya kwanza ikinyesha.

Akijibu kwamba ninyi ndio mmekosea, msomeni kwa makini. Pengine ana neno la kweli.

Akikaa kimya, mnaweza kuomba wazee au uongozi wa kijiji wawapatanishe. Ikishindikana, tafuteni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hawa, na kazi yao ni kumweleza mwananchi haki zake na njia ya kuzifuata. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya wako wapi. Yeye atawaambia kama shauri ni la mahakama, na ni mahakama ipi. Mahakama ikiridhika inaweza kutoa zuio, na zuio siyo barua tena. Anayelivunja anaadhibiwa.

Kwa upande wa miche mibovu ipo njia nyingine pia. Ubora wa mbegu na miche unasimamiwa na TOSCI, yaani Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Anzeni kwa bwana shamba, au bibi shamba, wa kata yenu. Na kikundi chenyewe kihakikishe kimefuata sheria hiyo hiyo. Mwenye nyumba ya vioo asianze kurusha mawe.

Jambo moja zaidi. Barua haisimamishi kalenda. Kwa sheria ya Tanzania ya ukomo wa muda, madai ya madhara, kama haya ya kuharibiwa jina la biashara, yana miaka 3. Madai ya kuvunja mkataba yana miaka 6. Usiandike barua kila mwaka huku muda unakwenda. Utafika mahakamani ukute mlango umefungwa.

NA KAMA NI WEWE ULIYEANDIKIWA?

Leo unaandika, kesho unaandikiwa. Ukipokea barua ya onyo usiichane, wala usimfokee mpelekaji. Kuweka sahihi ya kupokea siyo kukubali kosa. Ni kukubali kwamba umeipata.

Isome mara mbili. Jiulize: wanadai niache nini? Kitu hicho ni chao kweli? Pale walipo na haki, acha, uwaandikie kwamba umeacha. Pale wasipo na haki, wajibu kwa adabu. Ukiona hujaelewa, mtafute msaidizi wa kisheria kabla ya siku waliyotaja.

Turudi kwa yule kijana wa mfano wetu. Tuseme amekuja na mjomba wake. Amekabidhi lebo. Amekubali kumrudishia mzee fedha zake kidogo kidogo. Kisha anauliza, "Sasa mnataka niishi kwa kazi gani?" Kama kikundi kingekuwa kimeandika yale maneno yaliyofutwa, hapo ugomvi ungeanza upya. Lakini barua haikumkataza kazi. Mwenyekiti anaweza kumjibu bila kuona haya: "Kazi ni yako, mwanangu. Endelea kubebesha. Andika lebo kwa jina lako, na chini ya lebo hiyo uweke mche wa kweli."

Barua iliyopimwa vizuri inamwachia aliyekosa mlango wa kutokea. Watu wa kijiji kimoja watakutana tena kisimani, msibani na shambani. Tunataka kulinda kazi yetu, lakini pia tuendelee kuishi pamoja.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kalamu mliyojifunza kuishika msiiache kwenye daftari la darasani. Itumieni kulinda jasho lenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini katibu aliyafuta maneno ya kumkataza kijana asibebeshe Hass?
2. Barua ya onyo na zuio la mahakama vinatofautianaje?
3. Kikundi chenu kina jina au alama? Limesajiliwa wapi?
4. Mtu akiiga jina lenu leo, mna ushahidi gani kwenye daftari?
5. Andikeni barua ya onyo ya ukurasa mmoja. Kisha someaneni, mtafute neno lolote la matusi au la vitisho, mlifute.